Linki imekufa lakini faili tuko nayo kwa laptopu tatu: kuna jina la dokumenti lisilotegemea mahali ilipo?

KatibuWaMaji (Ahero)

Habari zenu wadau. Mnisaidie na hii kitu juu imeninyima usingizi tangu mkutano wa juzi. Mimi ni katibu wa kamati ya mradi wa maji huku kwetu, kikundi cha kawaida tu, kisima, tanki, vibanda vitatu vya kuuza maji kwa mitungi, wanachama kama mia mbili hivi. Karatasi zetu zilikuwa kwa kabati ya bati, na si mnajua huku Nyando mvua ikikosa adabu maji yanaingia kwa nyumba bila kubisha hodi, kwa hivyo katibu aliyenitangulia akajitahidi akaskani kila kitu, kumbukumbu za mikutano, risiti, katiba, ramani ya mabomba, akaweka kwa akaunti yake ya mtandaoni na akatupatia linki. Hiyo linki tuliisambaza kila mahali. Iko kwa grupu ya WhatsApp, iko kwa barua tulizoandikia wafadhili, mpaka kuna jamaa aliiprinti akaibandika kwa mlango wa kibanda cha maji, na vile ilivyo ndefu kama trela za miwa sijui alitarajia nani aichape.

Sasa huyo dada aliyenitangulia alipata kazi Nairobi, akaunti ikajaa ama akaifunga, sijui, na simlaumu juu alikuwa anajitolea tu. Sai ukibonyeza linki unaambiwa ukurasa haupo. Kila mtu anasema mafaili yamepotea. Lakini hayajapotea! Mimi niko nayo kwa laptopu, mweka hazina yuko nayo, na kijana wa saiba pale stage alibaki na kopi siku alitusaidia kuskani. Kopi tatu ndani ya kilomita mbili, alafu linki inasema hakuna kitu.

Ya pili ndio mbaya zaidi. Huo mkutano wa juzi kulizuka maneno juu ya kifungu cha 9 cha katiba, mwenyekiti anakaa miaka miwili ama mitatu. Mmoja akafungua simu akasoma miwili. Mwingine akafungua yake akasoma mitatu. Zote mbili zinaitwa KATIBA FINAL.pdf. Tarehe nayo haisaidii juu kila mtu akidauniloadi simu inaandika tarehe ya siku hiyo. Wazee wakaanza kutuangalia sisi vijana wa kompyuta kama wezi wa ng'ombe.

Swali langu basi ni hili, kuna namna ya kuita dokumenti kwa jina ambalo linaifuata dokumenti yenyewe, si mahali imewekwa? Yaani nikitaja hilo jina, yeyote aliye nayo anipatie na nijue ni ile ile haijaguswa. Nimeskia watu wakitaja IPFS na mambo ya P2P, ati kompyuta za watu zinapeana mafaili moja kwa moja bila seva ya kati, lakini kila nikisoma naishia kwa watu wa sarafu za mtandaoni na hiyo sitaki. Pesa ya kulipa kila mwezi hatuna, bando tunanunua ya siku, na laptopu zetu usiku zinalala kama watu.

JaKondele (Kisumu)

Omera, nunueni domeini yenu na hostingi, mambo yaishe. Si lazima ufikirie sana.

KatibuWaMaji (Ahero)

Na mwaka ule tutakosa kulipa?

JaKondele (Kisumu)

Linki inakufa tena 😂 Haya, nakaa chini nisikilize wengine.

FundiSection58 (Nakuru)

Ndugu katibu, hili swali watu wa mtandao wamepigana nalo tangu miaka ya tisini kwa hivyo usione uko nyuma. Shida yenu ni kwamba mlikuwa mnaita mtu kwa njia ya kufika kwake. Linki ya kawaida ni maelekezo tu. Ni vile tunaelekezana hapa Nakuru, shuka Free Area, pita kando ya mama wa chapo, ingia geti ya bluu. Siku mama wa chapo atahama na geti ipakwe nyeusi wewe umepotea, na yule unayemtafuta yuko ndani ya nyumba anakunywa chai hata hajui anatafutwa. Na si nyinyi peke yenu. Pew Research waliangalia 2024 wakakuta asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 hazifunguki miaka kumi baadaye. Ukienda kwa hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani, kuna watu wa Harvard walizipitia wakaandika 2014 kwamba kama nusu ya linki ndani yake hazikupeleki tena kwa kile jaji alikuwa anaonyesha. Majaji! Sembuse kamati ya maji.

Sasa kuna njia mbili za kumpa mtu jina lisilofuata nyumba. Ya kwanza ni ya kupewa, kama namba ya kitambulisho. Ukihama Nakuru ukaenda Kisumu namba ni ile ile. Vitabu viko na ISBN, na makala za wasomi ziko na DOI, zile namba zinaanza na 10 alafu nukta, ambazo zimejengwa juu ya mfumo unaitwa Handle aliouanzisha Robert Kahn, yule yule aliyeshirikiana na Vint Cerf kutengeneza TCP/IP, ile lugha kompyuta zinaongea kwa intaneti. Inafanya kazi vizuri sana. Lakini ujue nyuma ya hiyo namba kuna ofisi, na hiyo ofisi ndiyo inajua sai faili iko wapi, na mwenye faili akihamisha lazima aende aseme. Dada yenu angekuwa na DOI na aende Nairobi bila kusema, mngekuwa pale pale mliko.

Njia ya pili ni ya alama za kidole. Hapa hakuna anayekupa jina, jina linatoka kwa mwili wako. Kuna hesabu inaitwa hashi, unaisomesha faili yote kutoka baiti ya kwanza hadi ya mwisho na inakutolea mstari mfupi wa herufi na namba. Ile inayotumika sana inaitwa SHA-256 na mstari wake ni herufi 64, faili iwe ya ukurasa mmoja ama filamu nzima. Faili zikifanana baiti kwa baiti mstari ni ule ule, iwe kwa simu, kwa flashi, kwa seva iko Iceland. Ukibadilisha koma moja mstari wote unageuka, si herufi moja, wote. Nikupe mfano utajaribu mwenyewe leo, tengeneza faili tupu kabisa isiyo na kitu ndani, ipime, lazima utapata mstari unaanza na e3b0c44298fc1c14. Mimi hapa Section 58 napata huo, wewe Ahero utapata huo, na hatujaulizana na hatujapitia kwa ofisi ya mtu. Ndio nilishangaa siku ya kwanza nikaona, nikakaa nikaipima kama mara tano hivi nikidhani ni bahati.

Kwa Windows fungua ile dirisha nyeusi ya amri, nenda kwa folda, andika certutil -hashfile KATIBA.pdf SHA256. Kwa Linux ni sha256sum alafu jina la faili. Pima yako, mwambie mweka hazina apime yake, kijana wa saiba naye, alafu mlinganishe. Anza na hiyo kabla hujaenda kwa IPFS ama nini.

WaChwele (Bungoma)

Fundi swali la mjinga, na faili mbili tofauti zikitoa mstari mmoja? Kwani haiwezekani?

FundiSection58 (Nakuru)

Si ujinga. Kwa hesabu inawezekana, kwa maisha sahau. Idadi ya mistari ya SHA-256 ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 256, namba ya tarakimu 78. Lakini hashi za zamani zilivunjwa kweli. SHA-1 ambayo watu waliiamini miaka mingi, mwaka 2017 Google na watafiti wa CWI huko Amsterdam walitoa pidiefu mbili ambazo ukizifungua zinaonekana tofauti lakini hashi ni moja. Na hapo ilikuwa mtu amekaa kutafuta kwa kusudi na mashine nyingi, haikutokea yenyewe. Kwa hivyo usitumie SHA-1 wala MD5, nayo ni hashi ya zamani, kwa kitu ambacho watu wanaweza kugombania. Kama katiba 😄

JaKondele (Kisumu)

Sawa jina nimelielewa na nimeipenda. Lakini hapo mmeruka kitu. Anwani ilikuwa mbaya lakini angalau ilinipeleka mahali. Sasa niko na huu mstari wa herufi 64, nimesimama nao barabarani, namuuliza nani?

NodiYaMaseno (Maseno)

JaKondele umegusa penyewe, na hapo ndipo P2P inaingia, wacha nijaribu na mtanisahihisha.

Chukua Kibuye siku ya Jumapili, soko limejaa mpaka barabarani, na wewe unatafuta spea fulani ya baiskeli unajua namba yake tu. Namna ya kwanza ni mtu mmoja akae kwa geti na daftari, kila muuzaji amwambie ako na nini na wewe ukiingia unamuuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa Napster 1999, programu ya watu kupeana nyimbo. Mafaili yalikuwa kwa watu wenyewe lakini daftari lilikuwa moja, kwa hivyo mahakama ilipomshika mwenye daftari 2001 soko lote likafa mwaka huo huo. Namna ya pili ni kupiga kelele, unauliza wa karibu, wao wanauliza wa karibu yao, hivyo hivyo mpaka mtu aseme niko nayo. Hiyo ilikuwa Gnutella, 2000, na kama umewahi kuingia Kibuye unajua kitu inatokea watu elfu wakipiga kelele pamoja, na spea ikiwa moja tu kule nyuma kwa mitumba sauti haifiki.

Namna ya tatu ndiyo tamu. Daftari linachanwa, kila muuzaji anapewa kurasa zake kidogo. Na nani anashika ukurasa gani haiamuliwi na mtu, inaamuliwa na namba zenyewe. Kila kompyuta kwa mtandao iko na namba yake ndefu, na kila dokumenti iko na hashi yake ambayo pia ni namba ndefu ya aina ile ile, kwa hivyo unaweza kusema hii hashi iko karibu na kompyuta ile kuliko hii. Ukaribu hapa si wa kilomita, ni wa namba tu, jirani yako wa namba anaweza kuwa Brazil. Zile kompyuta ziko karibu zaidi na hashi ndizo zinashika habari ya nani ako na hiyo dokumenti. Wewe ukitafuta unauliza wale unaowajua, ati kati yenu nani anajua mtu aliye karibu zaidi na hii namba, wanakuelekeza, unauliza tena, kila mara nusu ya njia imeisha. Kompyuta zikiwa milioni moja unafika kwa hatua kama 20 hivi, na kwa kawaida chini ya hapo. Mwaka 2001 zilitoka kadhaa za aina hii, Chord, Pastry, CAN, alafu 2002 Petar Maymounkov na David Mazières wakaja na Kademlia, na hiyo ndiyo iliyoshinda. BitTorrent, ile ya torenti za kupeana mafaili, inaitumia tangu 2005, na IPFS ya Juan Benet, ile ilitoka 2015, imejengwa juu yake pia.

Kwa hivyo ile linki ya torenti inayoanza na magnet, ukiiangalia vizuri haihitaji jina la seva. Ina hashi. Inasema nataka kitu chenye kidole hiki, aliye nacho aseme. Na ukipokea vipande kutoka kwa watu hujawahi kuwaona, unavipima vile vinaingia, kipande kikikosa kulingana unakitupa unaomba kwingine. Mtu hawezi kukupa katiba ya uongo ndani ya jina la ile ya kweli. Hiyo ndio sehemu naipenda kuliko zote, huhitaji kumwamini aliyekupa.

Kitu kimoja tu kuhusu IPFS usije ukachanganyikiwa, jina lake, zile zinaanza na Qm ama bafy, halitakuwa sawa na mstari wa sha256sum wa Fundi. IPFS inakata faili vipande kwanza, kwa kawaida vya kilobaiti 256, inahashi kila kimoja alafu inahashi orodha ya hashi. Na mtu akikata kwa saizi nyingine faili ile ile inapata jina lingine. Nilipoteza wikendi nzima hapo nikidhani nimeharibu kitu.

MamaMaktaba (Kakamega)

Watoto wangu mmeeleza vizuri, sasa wacha mtu wa maktaba amwage maji kidogo kwa moto.

Jina zuri halihifadhi kitu. Mimi nimekaa na vitabu miaka mingi na nawaambia kadi ya kabati inaweza kuwa safi kabisa na kitabu hakipo rafuni. Hii habari ya hashi ni hivyo hivyo. Kama hakuna mashine hata moja imewashwa yenye hiyo dokumenti, soko lote litakutafutia kwa hatua 20 na likwambie hakuna. Kila mtu amewahi kuona torenti ya zamani imesimama asilimia 97 miezi mitatu, jina liko, mwenye kipande cha mwisho alilala akaenda. Kwa IPFS wengi wanadhani ukiweka kitu kimewekwa duniani milele. La. Kiko kwa mashine yako. Wengine wakikifungua wanabaki na kopi kwa muda, na mashine yao ikianza kusafisha diski inafuta chochote ambacho mwenyewe hajakibana kwa makusudi kisifutwe. Na ile habari kwamba wewe unacho inaisha muda, lazima mashine yako iirudie rudie kuitangaza. Laptopu inalala usiku, katibu umesema mwenyewe. Hata Freenet ya Ian Clarke, iliyotoka 2000 na ambayo ilisukuma data kwenye diski za watu wengine kabisa, ilikuwa kitu kisichoulizwa muda mrefu kinasukumwa nje kutoa nafasi. Na kumbukumbu za mkutano wa 2016 nani ataziuliza kila wiki?

Maktaba wenzetu Stanford walianzisha mradi unaitwa LOCKSS mwishoni mwa miaka ya tisini, jina lenyewe ukilifungua linasema kopi nyingi hulinda vitu. Kila maktaba inashika kopi yake ya majarida, na mashine zao zinaulizana mara kwa mara hashi yako ni ngapi, ya mmoja ikiwa tofauti na ya wengi anajua ya kwake imeoza na anaomba nzuri kwa mwenzake. Mnaona kitu iko hapo? Hawa si wageni waliokutana sokoni. Ni maktaba zilizokubaliana, wewe ushike na mimi nishike. Katibu hiyo ndiyo saizi yako. Huhitaji dunia nzima. Unahitaji watu watano wa kamati wenye ahadi.

KatibuWaMaji (Ahero)

Nimerudi. Asanteni sana na mama nimekusikia.

Nimefanya vile Fundi alisema. Kwanza ile faili tupu, e3b0c442 ikatoka, nikamwita bibi yangu aone, akaniangalia tu akarudi kwa sufuria. Jana jioni tukakaa kwa saiba sisi watatu, mimi, mweka hazina na kijana. Tukapima katiba. Yangu inaanza na 7d. Ya mweka hazina 7d, mstari wote tukausoma kwa sauti kama watoto wa nasari, herufi 64, zikalingana. Ya saiba ikaanza na c1. Tukaomba wale wawili wa mkutano watume za kwao. Wa miaka miwili akatuma, ni 7d. Wa miaka mitatu akatuma na sasa shikeni viti, haikuwa 7d wala c1, ni nyingine kabisa. Kwa hivyo tuko na KATIBA FINAL tatu.

Tukaangalia ya saiba, ni ile ile karatasi neno kwa neno, ila yeye aliiskani mara ya pili ikatoka imeinama kidogo. Kumbe hata hiyo inabadilisha jina? Na kuna mzee alituma ukurasa wa 4 kama picha kwa WhatsApp, kila akiituma inapata hashi mpya. Hiyo ni kawaida?

FundiSection58 (Nakuru)

Ni kawaida. Hashi haisomi maneno, inasoma baiti. Karatasi moja ukiiskani mara mbili ni faili mbili, haijali kama wewe unaona ni kitu kimoja. Na picha WhatsApp inaibana ipunguze bando kwa hivyo inayofika si ile iliyotumwa. Waambie watume kama dokumenti, hapo inafika vile ilivyo. Hii ndiyo bei ya hii njia na watu wengi hawaisemi, namba ya kupewa kama ISBN inaweza kusema toleo hili ni lile lile hata likichapwa tena kwa karatasi tofauti, hashi haiwezi, yenyewe inajua mwili tu.

Na ingine, hashi imekwambia ziko tatu. Haijakwambia ipi ndio mlipitisha. Hiyo hakuna kompyuta itakwambia.

KatibuWaMaji (Ahero)

Hapo ndipo tumekwama. Tutachagua moja vipi na tuizuie isibadilishwe tena usiku?

FundiSection58 (Nakuru)

Kitabu cha mkutano! Kile cha karatasi, cha kalamu. Fanya hivi, weka mafaili yote mazuri kwa folda moja, tengeneza faili la maandishi la kawaida, kila mstari hashi na jina la faili, sha256sum inakutengenezea yenyewe ukiiambia ipime yote. Alafu pima hilo faili la orodha lenyewe. Sasa uko na mstari mmoja wa herufi 64 unaobeba folda yote, ukibadilisha koma ndani ya risiti moja ya 2018 orodha inabadilika na huo mstari wa juu unabadilika. Ni wazo la Ralph Merkle la mwaka 1979, na Git ya Linus Torvalds, ile waandishi wa programu wanatunzia kazi yao, inafanya karibu hivyo kila siku. Huo mstari mmoja uandike kwa kalamu kwa kitabu cha mkutano, mwenyekiti, katibu na mweka hazina mtie sahihi chini yake. Kila mkutano faili mpya zikiingia unaandika mstari mpya. Basi.

Usidhani ni ushamba. Kampuni moja ya Marekani inaitwa Surety ilianza 1995 kuchapa hashi yao kwa gazeti la New York Times kila wiki kwa sehemu ya matangazo madogo, juu gazeti likishauzwa kwa watu laki kadhaa huwezi kurudi kulibadilisha. Wewe gazeti lako ni kitabu cha mkutano na mlango wa kibanda cha maji. Ile linki ya jamaa iondolewe, mahali pake wekeni huo mstari.

NodiYaMaseno (Maseno)

Na ya kusambaza, kwa hali yenu mimi ningeweka programu inaitwa Syncthing badala ya IPFS. Ni ya bure, haina seva ya kati inayoshika mafaili, kila mashine inashika folda yote na zinalinganisha vipande kwa SHA-256 zinatumiana vile vimebadilika tu. Hata mashine zenyewe zinaitana kwa jina linalotoka kwa hashi ya cheti chao, si kwa anwani, kwa hivyo mweka hazina akihamia kwa shemeji yake Kisumu laptopu bado inajulikana ni yeye. Na zikiwa kwa waifai moja zinaonana moja kwa moja, hamtumii bando hata kidogo. Mkija mkutanoni na laptopu na simu moja iwashe hotispoti, zitalingana vile mnaomba maombi ya kufungua. Mbali na hapo shida iko kidogo juu laini za simu huku zinaweka watu wengi nyuma ya anwani moja na mashine hazifikiani vizuri, lakini kuna mashine za kupokezana za kujitolea zinapitisha, polepole.

Lazima mashine mbili ziwe macho wakati mmoja. Kwa hivyo muombe kijana wa saiba yake iwe ile inayokaa macho mchana.

MamaMaktaba (Kakamega)

Na muwashe ile sehemu ya kuweka matoleo ya zamani! Mtu akifuta faili kwa laptopu yake linafutika kwa wote watano, kwa bidii ile ile. Nimeona hiyo kwa macho yangu, kikundi kimoja huku mtoto alikuwa anatafuta nafasi ya gemu. Na kopi moja ikae kwa flashi nje ya hii mambo yote, kwa nyumba iliyo juu mlimani.

Lingine katibu, kwa hizo risiti na orodha za wanachama kuna namba za vitambulisho na za simu? Usiweke hizo kwa mtandao wa wazi kama IPFS. Linki ya kawaida ukikosea unafuta. Jina la hashi likishatoka na mtu ameshika kopi huwezi kumwambia sahau, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwanachama haki ya kuomba habari zake zifutwe. Utamfutia wapi? Tenganisha folda. Katiba na ramani ya mabomba zitembee, orodha ya watu ibaki kwa kamati na ifungwe kwa nywila.

JaKondele (Kisumu)

Mimi nilikuja kuuza hostingi nimeondoka na somo. Katibu, ya kifungu cha 9 imeishaje??

KatibuWaMaji (Ahero)

Mama hiyo ya vitambulisho sikuwa nimefikiria, nimeshazitoa, zilikuwa 31.

Syncthing iko kwa mashine tatu sai, ya nne ni ya mwalimu mstaafu mmoja ambaye nyumba yake iko juu kidogo haijawahi kuingia maji. Ya tano bado tunatafuta mtu.

JaKondele, ile karatasi ya kwanza ya katiba, yenye sahihi za wino, tumeipata. Ilikuwa kwa yule dada, aliibeba Nairobi ndani ya bahasha pamoja na vyeti vyake akidhani ni yake. Anaituma na gari Ijumaa. Ikifika tutaiskani mara moja tu, mbele ya watu, tusome herufi 64 kwa sauti. Hatujaambia mtu yeyote imeandikwa miaka mingapi, hata mimi sijui, dada amekataa kusema kwa simu.